Mlango wa nyuma nilisema siudai

Mlango wa nyuma wa kushoto wa IST yangu ulibonyea zamani, na aliyeubonyeza ni mimi. Nilikuwa narudi nyuma pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, buti imejaa dagaa, nikakutana na nguzo. Sikuutengeneza. Gari la biashara ndogo, kila shilingi ina kazi yake.

Mwaka huu, karibu na soko la Mwanga, kanta ya bluu ikaniparua ubavu uleule. Mlango wa mbele ukaingia ndani, kioo cha pembeni kikabaki kinaning'inia kwenye waya. Dereva hakusimama. Nikaenda polisi, trafiki wakaja kupima na kuchora, gari likakaguliwa, nikapewa karatasi. Bahati nilikuwa na bima kubwa. Ile ndogo hulipa madhara unayomfanyia mwenzako, gari lako unajijua.

Fundi bodi alipiga hesabu ya ubavu mzima: 1,150,000. Nikamwambia, "Fundi, huu wa nyuma ni wa siku nyingi." Akacheka. "Mama, unganisha tu. Wale wana hela, na rangi ikipigwa pamoja inatoka safi." Sitadanganya, nilitamani. Nikaipeleka hesabu ile hivyohivyo kwa kampuni ya bima.

Mkaguzi wa hasara, aliyetumwa na kampuni, alikuja siku ya tano. Hakuuliza mengi. Alichuchumaa, akapitisha ukucha kwenye mkunjo wa mlango wa nyuma, akaniinulia kidole: kutu na vumbi jekundu lililoshikana kama unga wa muhogo. Alipoandika, aliandika ubavu wote: uharibifu wa zamani. Wiki mbili baadaye kampuni ikanijibu kwa barua kwamba hailipi chochote.

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana karatasi ile ya fundi niliipeleka mimi. Bima hulipa ajali iliyotokea ndani ya muda wa mkataba; bonyeo la zamani si lake, na ukilichomeka kwenye madai unampa mtu sababu ya kulitilia shaka na lile la kweli.

Nikarudi kuutazama mlango wa mbele kwa macho ya yule mkaguzi. Bati lilikuwa bado linang'aa pale lilipochanika, kutu hakuna, na kwenye mchubuko kulikuwa na rangi ya bluu ya kanta. Nikapiga picha kwa karibu, halafu kwa mbali ili milango yote miwili ionekane. Kisha nikamkumbuka wakala. Siku ya kukata bima aliniomba picha nne za gari kwa WhatsApp. Mimi nilishabadilisha simu, yeye bado alikuwa nazo, na tarehe ya kutumwa iko palepale: mlango wa nyuma umebonyea, wa mbele mzima kabisa, ndoo yangu ya mawese imesimama pembeni.

Fundi nikamrudia aandike upya, mlango kwa mlango. Alinuna, akaandika. Wa mbele na kioo, 780,000. Wa nyuma, 370,000. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilianza na kukiri: mlango wa nyuma ulibonyea kabla, kuuweka kwenye hesabu lilikuwa kosa langu, siudai. Halafu mlango wa mbele, picha ya kabla na ya baada. Mwisho nikaomba wakikataa tena wanipe sababu kwa maandishi, nizipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Nakala nikaiacha mapokezi, nyingine ikagongwa muhuri nikaondoka nayo.

Siku kumi na moja baadaye walipiga simu. Walilipa 680,000, baada ya kukata ile laki moja ambayo kwa mkataba wangu naibeba mwenyewe.

Mlango wa mbele sasa unang'aa. Wa nyuma bado una bonyeo lake, na fundi kila akiniona ananiuliza lini tunaumaliza.