Nyanya za balkoni na usiku usiopoa

Wiki ya tatu sasa themometa ya balkoni inasoma 37, 38 kila mchana, na juzi saa tisa alasiri pale karibu na ukuta ilifika 41. Naandika hizi namba kwenye daftari kila siku manake mwaka jana sikuandika chochote, na sitaki mtu mwingine mwenye ndoo zake nne tano za nyanya aje ang'oe miche ikiwa hai kabisa kama nilivyong'oa mimi.

Ndio, niling'oa. Nilikua na miche mitatu mirefu, imenifika kifuani, majani ya kijani yaliyokolea, maua yakaja mengi mpaka nikaanza kuhesabu nyanya kichwani, alafu maua yakaanza kudondoka. Sio moja mbili, unaamka asubuhi unakuta sakafu imejaa vimaua vya njano na ukiangalia kikonyo kimekatika palepale kwenye kile kifundo kidogo, safi kama mtu kakata na kucha. Nikaweka mbolea, yakadondoka zaidi. Nikaongeza maji, hakuna kitu. Baada ya wiki mbili hivi nikasema basi huu ni ugonjwa, nikang'oa miwili nikatupa. Ule wa tatu ulipona sababu tu nilisafiri na kuna mtu alikua ananimwagilia, na niliporudi joto lilikua limeshuka na ule mche uliofanana na wenzake kwa kila kitu ulikua umejaa vitunda kila kichala. Mpaka leo naikumbuka ile miwili, haikua na ugonjwa wowote.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba tatizo halikua mchana peke yake, lilikua usiku. Sisi wote tunaangalia lile jua la saa saba tunaogopa, kumbe nyanya inavumilia mchana mkali ilimradi usiku upate kupoa. Mchana ukipita nyuzi 32 mpaka 35 na usiku nao ukigoma kushuka chini ya 21 mpaka 24 hivi, maua yanaanza kushindwa. Ua la nyanya lina dume na jike humohumo ndani, halihitaji ua lingine, linahitaji tu chavua idondoke kutoka kwenye kile kikoni cha njano katikati imguse jike. Sasa joto kali linaharibu ile chavua tangu ua likiwa bado tumba, siku nyingi kabla halijafunguka, kwahiyo ua linafunguka vizuri, linapendeza, lakini chavua yake haina nguvu. Mche ukiona ua halijashika tunda unaliachia. Na usiku wa joto una hasara nyingine pia, mmea unapumua usiku kucha na kadri joto linavyopanda ndivyo unavyochoma zaidi ile sukari uliyotengeneza mchana, yaani kinachobaki cha kulisha matunda ni kidogo.

Ndio maana nikanunua themometa ya pili nikaifunga kwenye mche wenyewe sio ukutani. Saa nne usiku 31. Saa kumi na moja alfajiri, muda ambao ndio wa baridi kuliko wote, 27! Utabiri wa hali ya hewa ulikua unasema usiku utashuka mpaka 23, lakini huo ni wa nje huko kwenye uwazi, balkoni ni kitu kingine, ukuta na vigae vinakunywa jua mchana kutwa alafu vinalitema usiku kucha. Nyanya zangu zilikua zimelala kwenye mlango wa oveni.

Nilichofanya ni kusogeza ndoo zote zikae mbali na ukuta, kama nusu mita hivi, nikaziinua kutoka kwenye vigae nikaziweka juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, na jioni jua likishazama namwaga maji kwenye sakafu na kwenye ukuta wenyewe, sio kwenye majani, sakafu inatoa mvuke dakika kadhaa alafu inatulia. Usiku wa kwanza tu themometa ya kwenye mche ilishuka nyuzi mbili. Nyuzi mbili zinaonekana ndogo ila kwa nyanya zinaweza kuwa tofauti ya ua kushika na ua kudondoka.

Sasa maji, hapa ndipo nina mengi zaidi ya kusema kwasababu hapa ndipo nilipoua mche mmoja mwaka huu huu.

Mchana wa joto kali nyanya inalegea. Majani yananing'inia kama nguo iliyoloa, ukiona hivyo moyo unakuruka unakimbilia jagi. Usikimbilie. Mara nyingi saa nane mchana majani yanatoa maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kupandisha, hata kama udongo una maji tele, na ikifika jioni mche unasimama wenyewe. Mimi niliumwagilia mmoja kila nilipouona umelegea, mara tatu kwa siku, siku tano mfululizo, na udongo wa moto uliojaa maji hauna hewa, mizizi ikakosa pumzi ikaoza, na mizizi ikioza mche unalegea vilevile kama wenye kiu, kwahiyo nikazidi kumwagilia. Siku nilipoutoa kwenye ndoo ile mizizi ilikua ya kahawia na inanuka. Tangu hapo kipimo changu ni hiki: mche uliolegea mchana ukasimama jioni una afya yake, mche uliolegea alfajiri kabla jua halijatoka ndio una shida ya kweli, hapo chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, kama pakavu una kiu, kama pameloa shida iko kwenye mizizi na maji yatazidi kuumaliza.

Namwagilia saa kumi na mbili asubuhi, taratibu, mpaka maji yatoke chini ya ndoo. Mche mkubwa kwenye ndoo ya lita 20 unakunywa lita mbili tatu kwa siku kwenye joto hili na siku za upepo hata zaidi (upepo wa ghorofani nao unakausha sana, wengi hawauhesabu). Kama udongo umeshakauka kabisa mpaka umeachana na kuta za ndoo, ukimwaga maji yanapita pembeni yanatoka chini kwa sekunde chache na katikati pamebaki pakavu, utadhani umemwagilia kumbe hapana. Hapo weka ndoo ndani ya beseni la maji, udongo unywe kutoka chini nusu saa hivi.

Na tafadhali kama bado hujapanda usitumie chombo kidogo. Nyanya ndefu zile zinazopanda zipe lita 20 na kuendelea kwa mche mmoja, zile fupi na zile za matunda madogo madogo zinaweza kuishi kwenye lita 10 mpaka 15. Udongo mwingi unachelewa kupata moto na unachelewa kukauka. Ila fikiria na uzito pia, lita moja ya maji ni kilo moja, ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 25 au zaidi, kwahiyo sita saba zipange upande wa jengo sio kwenye ukingo wa nje.

Ndoo zangu mbili zilikua nyeusi. Nilizishika saa tisa nikatoa mkono haraka. Fikiria mizizi iliyobanana na huo ukuta wa plastiki. Nilizifunga shuka kuukuu jeupe kuzunguka, na moja nikaiingiza ndani ya ndoo kubwa zaidi, ile nafasi ya katikati ikawa kivuli, alafu juu ya udongo nikatandaza majani makavu unene wa vidole vinne. Matandazo ndio kitu rahisi kuliko vyote na ndicho kilichobadilisha mambo kuliko vyote, udongo chini yake unabaki na unyevu mpaka asubuhi ya pili.

Kuoza kitako je? Ile nyanya inakua vizuri alafu chini panaingia doa jeusi kama ngozi kavu. Nilipata tano za kwanza hivyo. Kila mtu anakuambia ni ukosefu wa kalsiamu saga maganda ya mayai, na mi nilisaga, lakini maganda yanachukua miezi kuoza mpaka mmea uyatumie, na kwenye udongo mzuri wa kupandia kwenye ndoo kalsiamu kwa kawaida ipo ya kutosha. Shida ni usafiri. Kalsiamu inasafiri na maji, na majani ndio yanayovuta maji kwa nguvu, tunda linavuta kidogo sana, kwahiyo leo ukiwa mkavu kesho mafuriko tunda ndio linakosa. Nilipoweka matandazo na kumwagilia saa ileile kila siku nyanya zilizofuata zikatoka safi. Kupasuka ngozi nako ni hivyohivyo, kiu ya siku mbili alafu maji mengi kwa mkupuo.

Mbolea niliacha. Mche ulioacha kukua kwasababu ya joto hauna njaa, ukiulisha chumvi za mbolea zinabaki kwenye udongo zinaunguza mizizi, na ile ya nitrojeni nyingi ndio kabisa, unapata msitu wa majani bila ua. Nitarudi na yenye potasiamu zaidi usiku ukipoa, na nitaweka nusu ya kipimo.

Kivuli nimetundika neti ile inayozuia asilimia 30 mpaka 40 ya mwanga, naishusha saa sita naiondoa saa kumi. Sio siku nzima, nyanya bado inataka jua la masaa sita na la asubuhi ndio tamu. Na nimeacha kupogoa. Mwaka jana nilikata majani mengi nikiamini hewa itapita vizuri, matunda yakabaki uchi kwenye jua yakapata mabaka meupe laini upande mmoja, yameungua. Sasa hivi natoa tu majani ya chini yanayogusa udongo. Na ukiona majani yamejikunja kama sigara kwenye joto hili usihangaike, mara nyingi mche unajifunika usipoteze maji.

Wadudu kwa kifupi: joto kavu linaleta utitiri, vidude vidogo sana chini ya majani, jani linaanza kuwa na vidoti vya njano kama limechomwa na sindano. Nageuza majani kila siku mbili naosha upande wa chini na maji asubuhi mapema ili yakauke kabla ya jua kali, na mpaka sasa imetosha.

Zile chache zilizoshika kabla ya joto kuanza zilifika ukubwa wake alafu zikagoma kuwa nyekundu, zikabaki rangi ya chungwa iliyopauka. Hilo pia ni joto, juu ya nyuzi 30 hivi ile rangi nyekundu inasimama kutengenezwa, ya njano inaendelea. Zikianza tu kubadilika rangi kidogo kitakoni nazichuma naziweka ndani kwenye sehemu yenye kivuli, hazihitaji jua kuiva, na zinatoka nyekundu kuliko zile nilizoziacha kwenye mti. Na mche unapumzika mzigo.

Mama yangu amelima nyanya shambani miaka mingi. Nilimpigia simu kumwambia hazizai, akaniuliza kitu kimoja tu, "Juu kabisa kwenye ncha pana rangi gani?" Nikamwambia kijani, panachipua. Akasema, "Basi mwanangu huo mche unasubiri tu, na wewe subiri." Nimekua naangalia ile ncha kila asubuhi tangu siku hiyo kabla hata sijaangalia themometa.

Kingine ninachofanya ni kutikisa maua. Shambani kuna upepo na nyuki wale wanene wanaotetemesha ua mpaka chavua inadondoka, kwenye balkoni yangu hawafiki, na ule upepo wa hapa unapiga majani bila kutikisa ua vizuri. Saa nne asubuhi hivi umande ukishakauka nashika mswaki wa umeme naugusisha nyuma ya kikonyo cha kila kichala sekunde mbili tatu, ukiwa na bahati unaona vumbi la njano linatoka. Wiki mbili zilizopita halikutoka vumbi lolote, niliendelea tu.

Jumanne saa kumi na moja alfajiri themometa ya kwenye mche ilisoma 22. Jumatano 21. Leo 20, na upepo wa kutoka kaskazini umebadilika, unasikia hata kwenye ngozi. Nimeamka kutikisa maua nikakuta kwenye ndoo ya tatu, kichala cha pili kutoka juu, vimaua vitatu vimenyauka lakini havijadondoka. Nikavuta kimoja taratibu na kidole, kikonyo kikakataa kukatika, na nilipofunua yale majani makavu ya ua ndani kulikua na kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya njegere, kinang'aa.

Nimeandika kwenye daftari: ndoo ya tatu, tatu zimeshika.