Neno Lililohama

Mwaka wangu wa mwisho sekondari nilikuwa na daftari la safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Kila usiku maneno 10. Nilipoijua mizizi ya Kilatini, nilihisi nimekabidhiwa funguo za nyumba nzima. "Grex" ni kundi la mifugo. Kumbe ndiyo maana "gregarious" ni mtu apendaye kukaa na wenzake, na "segregate" ni kutenga! Kisha nikakutana na "egregious", yaani aliyetoka nje ya kundi. Sikufungua kamusi. Niliandika kulia: aliyewapita wenzake kwa ubora.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipostaafu, nilichaguliwa kusoma hotuba ya kumuaga. Nilimwita "our egregious teacher", nikalitamka neno lile polepole, kwa upendo wote niliokuwa nao. Walimu wawili wa mstari wa mbele walitazamana. Yeye aliendelea kunisikiliza kwa utulivu uleule.

Baadaye aliniita ofisini, akafungua kamusi, akaweka kidole kwenye neno na kuniacha nisome mwenyewe. Ubaya uliopita kiasi. Mfano wake: "an egregious error", kosa la kutisha. Machozi yalinilenga.

"Mwanangu," alisema, "mzizi umeupata sawasawa. Miaka 500 iliyopita ungekuwa umenisifu. Neno ndilo lililohama."

Akafunua kurasa hadi "nice", neno nililolijua tangu darasa la kwanza la Kiingereza. Asili yake ni "nescius" ya Kilatini, asiyejua. Mwingereza wa zamani akikuita hivyo, amekuita mpumbavu. "Hili lilitoka kwenye ubaya likaenda kwenye wema," alisema. "Lako limetoka kwenye wema likaenda kwenye ubaya. Yamepishana njiani."

Mizizi bado naipenda, na hadi leo hunisaidia kukisia neno geni. Ila usiku ule nilichora safu ya tatu daftarini, ya sentensi ambamo neno limetumika kweli, na sijawahi kuiacha tena. Sentensi ya kwanza niliyonakili ni ile ya kamusi.

Kabla sijatoka ofisini nilimwomba karatasi ya hotuba nilifute lile neno. Alikataa. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati kama ilivyo.