Kila umri na namna yake ya kuliua gari la spoti

Mbeya, Jumapili ya Julai.

Majani ya Uyole yameamka meupe kwa jalidi, na kila injini inayowashwa mtaani inatoa mvuke. Asubuhi kama hii ndiyo ya kulijua gari zima na gari bovu. Mvuke unaopotea injini ikishapata moto ni maji tu yaliyolala kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Weupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni kulanti, maji ya kupoza injini, inaingia kwenye silinda, yaani gasketi ya hedi (kizibo kati ya injini na kichwa chake) imeshaanza kuaga. Ndiyo maana anayekwenda kununua gari aende alfajiri, na kabla hawajaliwasha aweke mkono juu ya injini. Ikiwa na uvuguvugu, mwenye gari ameshaliwasha mapema, na ana sababu.

Kinachonikaa kichwani leo ni umri. Tumezoea kusema gari la spoti ni la vijana, mzee akionekana nalo tunacheka pembeni. Mimi naona kila umri unaliweza, ila kila umri una namna yake ya kuliua: kijana kwa joto, mwenye familia kwa kuahirisha, mzee kwa kuliegesha.

Huku kwetu tusemapo gari la spoti hatumaanishi Ferrari. Tunamaanisha Altezza, Impreza ya turbo (kipampu kinachoisukumia injini hewa), Mark II yenye injini ya 1JZ, na mara mojamoja Roadster au Fairlady Z. Altezza iliundwa kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo kijana wa miaka 25 anayeinunua leo ananunua rika lake. Limeshapita mikono mingi, na mkono wa mwisho mara nyingi ni wa kijana mwingine aliyeishiwa hela ya sevisi.

Malalamiko ya kwanza ya kijana huwa: "Gari halina nguvu." Anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anasafisha nozeli, hali ni ileile. Lakini Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo inavuta ilichokikuta. Altezza ya gia za mkono iliyotoka Japani na nguvu farasi 210, hapa inabaki na kama 170 na kitu. Hakuna kilichoharibika. Ukiishusha Kyela utadhani imefanyiwa ovahaul. Turbo huifidia hewa hiyo kwa kuzunguka kasi zaidi, na kasi hiyo ni joto, kwa hiyo Subaru inayopaa vizuri Mlima Nyoka inalipa kwa namna nyingine.

Joto ndilo linalomaliza magari ya vijana. Maji matupu kwa mwinuko huu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na feni za magari mengi huanza kuzunguka karibu na hapohapo. Kinachozuia yasichemke ni mgandamizo, na mgandamizo unashikiliwa na kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Kikiwa kizima, maji huvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikauka, umerudi kwenye 94. Kitu cha bei ya chakula cha mchana kinaua injini ya mamilioni. Pale mlima Kitonga utawaona wamefungua boneti, wanamwagia rejeta maji ya chupa, na hakuna aliyewahi kukikagua kifuniko. (Kumwagia maji baridi hedi iliyoungua ni kuipinda kabisa. Subiri nusu saa, hata kama abiria wananuna.)

Kulanti ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Kwa baridi yetu si kuganda ninakokuhofia, ni kutu: maji ya bomba hula njia za alumini za hedi kidogokidogo.

Subaru ina ugumu wake. Injini imelala pande mbili, hewa hujificha ndani yake. Ukibadilisha kulanti, egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, fungua hita hadi mwisho wa joto, legeza skrubu ya hewa iliyo juu ya rejeta kama ipo, jaza polepole kupitia lile tangi dogo la juu karibu na turbo. Washa, acha injini iungurume hadi feni izunguke na kuzima mara mbili, huku ukiongeza kila yanaposhuka. Kesho yake, injini ikiwa ya baridi, fungua tena na ujaze pengo. Fundi anayejaza mara moja na kukukabidhi funguo amekuachia mfuko wa hewa, na mshale wa joto hautakuambia, kwa sababu kihisi kilicho ndani ya hewa husoma uongo.

Oili ya injini hizi ni lita 4 na kidogo tu. Gari likila nusu lita kati ya sevisi na sevisi, na wewe unalikatisha kona za Iwambi kwa kasi, kuna sekunde ambazo pampu inanyonya hewa. Vuta kijiti cha oili kila unapojaza mafuta mara ya pili. Badilisha kila kilomita 5,000, usingoje 10,000 zilizoandikwa kwenye galoni. Baadhi ya injini za Subaru za turbo zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, na oili chafu hukiziba. Turbo inakufa kwa kiu, mwenyewe anasema spea za siku hizi ni feki. Na ukishamaliza Kitonga ukasimama Ilula kununua nyanya, usizime hapohapo. Dakika mbili za kuunguruma zinatosha, oili iendelee kupita kwenye turbo iliyowiva.

Kijana ana jambo moja jema: anaendesha. Gari lake halilali. Ajifunze kushuka kwa gia ya 2 au ya 3 badala ya kukalia breki mlima mzima. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishalowa kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Pedali ikizama hadi chini katikati ya mteremko, nyuma kuna semi ya Tunduma, hapo hakuna tena cha kujifunza. Yabadilishwe kila miaka 2.

Mwenye familia simsemi sana, ana shida zake. Januari kuna ada, Juni kuna madeni ya mbolea, gari linaambiwa "subiri". Kwa umri huu milango minne yenye turbo, Forester au Legacy, inatosha na kubaki. Springi za kushusha gari zitolewe: matuta ya kila kijiji kati ya Igawa na Uyole yatakula bampa, na barabara ya kwenda kijijini kumsalimia bibi haijali rimu za inchi 18.

Kinachomuua ni taimingi belti, mkanda unaoziendesha valvu zipishane na pistoni. Kwenye Subaru za turbo za zamani hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni, injini imekwisha. Tatizo ni kwamba kilomita za gari la mtumba hurudishwa. Basi tafuta kibandiko. Gereji za Japani hubandika karatasi ndani ya boneti kuonyesha tarehe na kilomita belti ilipobadilishwa. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa kalenda yao: enzi ya Heisei, ongeza 1988, hivyo 25 ni 2013. Enzi ya Reiwa, ongeza 2018. Kama hakuna kibandiko, chukulia haijawahi kubadilishwa. Na usinunue belti peke yake. Nunua na tenshena (kikazio chake), roli zake zote na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na belti hiyohiyo, na roli moja ikikwama belti mpya inakatika vilevile.

Halafu kuna mzee. Miaka 60, kiinua mgongo kimeingia, watoto wameshaondoka, na ile Roadster ya viti viwili aliyoitamani tangu ujana bado ipo kwenye minada ya Japani. Mimi simcheki. Namwomba tu akokotoe vizuri. Gari lililozidi miaka 10, lenye injini ya kuanzia sisi (cc) 1,001 hadi 2,000, hubeba ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 5, wa uchakavu 30, na VAT 18 juu ya vyote hivyo. Likifika bandarini kwa milioni 10, kodi peke yake inakaribia milioni 10 nyingine, kabla ya tozo ndogondogo. Viwango hubadilika na bajeti, na kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kina thamani yake yenyewe, kwa hiyo aanzie huko kabla ya kupeleka hela. Robo ya bei aiweke pembeni: bushi, shokapu na tairi za mwaka wa kwanza.

Mwili nao una masharti. Kiti cha Roadster kiko chini karibu na lami. Kaa kwanza, miguu ikiwa nje, kisha izungushe yote miwili pamoja. Kutoka, rudisha vivyo hivyo. Anayeingiza mguu mmoja kwanza ndiye anayelalamika kiuno. Klachi ngumu na goti bovu havielewani, na hakuna aibu kwenye gia za otomatiki. Macho ya utu uzima huchelewa kurudi yakishamulikwa, kwa hiyo ukungu wa misitu ya Sao Hill na taa za malori aviachie wengine, yeye atembee mchana.

Lakini adui wake mkubwa ni banda. Gari la mzee linatoka Krismasi na harusini. Betri inalala, tairi zinapata bapa, petroli inachakaa, diski zinashika kutu. Kuliwasha dakika tano kila Jumamosi ni kuliumiza, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na chini ya kifuniko cha oili utakuta ute mweupe kama maziwa ya mgando. Bora kila wiki mbili liende Mbalizi na kurudi, nusu saa ya kutembea kweli. Likilala miezi, jaza tangi, ongeza upepo hadi psi 38, chomoa nyaya hasi ya betri, acha hendibreki chini na uweke kabari. Tairi zisomwe umri: tarakimu 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri bado lakini miaka 8 imefika? Zitoke.

Na lisilale banda moja na magunia ya mahindi. Mavuno yakiingia, panya wanaingia nayo, wanafanya kiota juu ya injini penye joto. Magunia yakishauzwa wanakosa cha kula, na hapo wanahamia kwenye nyaya.