Kugawa kwa sifuri: kwenye mashine ipi?

Juzi baada ya Magharibi, binti wa kaka yangu alinikuta barazani hapa Wete, kibao chake cha Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, mkononi. "Ami, karatasi yako inasema programu itakatika. Yangu haikukatika. Imetoa sifuri."

Karatasi ni yangu kweli, maelezo ya asembli, lugha ya kuiamuru prosesa moja kwa moja, niliyowaandikia vijana wa mtaani. Zoezi lenyewe ni la karafuu: unajumlisha pishi zilizochumwa siku hiyo, unagawa kwa idadi ya wachumaji, unapata wastani. Siku ya mvua kubwa hapandi mtu mkarafuu, kwa hiyo wachumaji ni sifuri. Hapo nikaandika: "Ukigawa kwa sifuri, prosesa inakataa na programu inakatika."

Kwenye laptopu yangu ya Intel ndivyo ilivyo. Amri yake ya kugawa, `div`, inazusha hitilafu na Linux inaiua programu papo hapo, tena kwa ujumbe unaotaja namba za desimali ilhali humo hamna desimali hata moja. Kibao chake kinatumia prosesa ya aina nyingine, ARM ya biti 64. Huko amri ya kugawa, `udiv`, ikikuta sifuri inaweka sifuri kwenye rejista (kihifadhi cha namba ndani ya prosesa) ya jibu, kisha kazi inaendelea kimya kimya. RISC-V, aina nyingine tena ya prosesa, nayo haikatizi, ila inajaza 1 kwenye kila biti ya jibu. Kwa biti 64 zisizo na hasi hiyo ni 18,446,744,073,709,551,615.

Kinachoniuma ni ile sifuri ya ARM. Programu ikikatika, unajua pana kasoro. Sifuri inasomeka kama jibu: utadhani watu walikwenda shamba wakarudi mikono mitupu, kumbe hakuna aliyekwenda.

Nikashika kalamu niongeze "kwenye ARM jibu ni sifuri". Akanizuia: "ARM ipi, ami?" Kweli. Prosesa ya Raspberry Pi ya kwanza, ya 2012, haina kabisa amri ya kugawa namba kamili. Kazi hiyo inafanywa kwa kipande cha programu. Tukaandika AArch64, yaani ARM ya biti 64, na kabla ya kugawa tukaweka `cbz`, amri inayoruka kwingine ikikuta sifuri, ipime idadi ya wachumaji.

Tukaendelea kuchimba. Baki la kugawa, nilisema liko kwenye rejista ya `rdx`, kana kwamba mashine zote zina `rdx`. Hiyo ni ya Intel. `Udiv` haitoi baki, unalitafuta mwenyewe kwa `msub`, amri ya kuzidisha kisha kutoa. Na sikusema kwamba kabla ya `div` ya biti 64 lazima `rdx` isafishwe, yaani iwekwe sifuri, kwa kuwa ndiyo nusu ya juu ya namba inayogawanywa. Ikibaki na takataka, jibu linaweza kuzidi rejista, hitilafu ikawa ile ile, na mwanafunzi akahangaika kutafuta sifuri isiyokuwepo.

Mwenye nakala ya zamani aniletee nimbadilishie. Ukurasa wa kugawa uko tayari, jina la mashine limo katika kila sentensi inayolihitaji. Wa staki, sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na programu, bado naupitia.