Nilivyomfuata Mlembe Itigi

Basi la Singida liliondoka Dodoma alfajiri. Bahi ikapita na majaruba yake ya mpunga, tukaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, nikashuka Manyoni na kuchukua bodaboda hadi Itigi. Nilikwenda kumwona mlembe, ndege anayewapeleka watu kwenye nyuki.

Mzee mrina asali aliitikia shikamoo yangu, akachukua shoka na kienge. "Twende, mwanangu."

Hatukutembea hata nusu saa. Ndege wa kijivu, asiyevutia macho, alitua mbele yetu akalia mfululizo kama kayamba linalotikiswa kwa haraka. Mzee akapiga mluzi. Mlembe akarukia mti wa pili, akageuka, akalia tena.

Mbona ndege huyu hatudanganyi sisi watu? Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Hana shoka wala moto. Bila mtu, nta na majana, yaani watoto wa nyuki, anayoyatamani yatabaki ndani ya gogo. Na akitupeleka patupu mara mbili tatu, nani atamfuata tena? Kule Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa sauti yao maalumu, na utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa wanaoitumia huonyeshwa kiota cha nyuki mara 54 katika 100, badala ya 17 kwa sauti nyingine.

Lakini ndege huyuhuyu ni laghai mkubwa kwa ndege wenzake. Jike hutaga kwenye mashimo ya ndege wadogo walao nyuki. Kinda lake huanguliwa kipofu, likiwa na ndoano mdomoni, na humo gizani huwauma makinda wenyeji mpaka wafe. Wazazi huendelea kumlisha. Sisi mlembe anatuhitaji kesho na keshokutwa; wale anawahitaji mpaka kinda liruke tu. Kwangu mimi, tofauti yote iko hapo.

Na binadamu je? Watafiti wameandika kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huzika au kuchoma masega yaliyobaki, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Nilimuuliza mzee kama naye hufanya hivyo. Gogo lilikuwa limeshapasuliwa, ndoo imejaa. Hakujibu. Alikata sega lenye majana, akaliweka juu ya kisiki.

"Tumpishe," alisema.

Tulipofika kwenye kichuguu niligeuka. Mlembe alikuwa ameshatua.