Kiganja cha Ami

Ami hakuyaamini macho yake katika kazi ya msasa. Akimaliza ubao alikuwa akifumba macho na kuupitishia kiganja polepole, kutoka mwisho huu hadi ule, kama mtu anayempapasa mtoto kutafuta homa. Akihisi kitu, hata kiwe chembe, hupatia alama ya penseli na kurudia. "Jicho hudanganywa na mwangaza," aliniambia mara nyingi. Mimi wakati ule nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Ilikuwa masika ya 1999. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na siku zangu nyingi zilipita katika karakana yake, uchochoroni Kibokoni, Mombasa, akitengeneza makabati na vitanda nami nikimshikia mbao. Moyo wangu lakini ulikuwa kwenye spika. Kule Mwembe Tayari, kwa muuzaji wa redio kuukuu, nilikuwa nimepata spika mbili za inchi 8 zilizofunguliwa kutoka redio kubwa ya zamani, karatasi zake bado nzima, na tuita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Nilizileta nyumbani kikapuni kama mayai.

Usiku ule ule niliiunga moja kwenye redio ikiwa tupu, bila sanduku. Ilitoa sauti ya mbu. Nikachukua ubao wenye tundu, nikaibana spika kwenye lile tundu kwa mikono miwili, na besi ikaja papo hapo, nikaisikia hadi vidoleni. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Katika sauti nzito hewa huzunguka ukingo tu, ya mbele na ya nyuma zikafutana. Kazi ya kwanza ya sanduku ni kuzitenganisha hizo mbili. Sikulala mapema usiku huo.

Nilipomwonyesha Ami alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia stoo akatoka na milango ya kabati la mvule, kongwe, la mtu aliyelihama akaliacha.

"Hii imekauka kabla hujazaliwa," akasema. "Haifuri, haipindi. Usinitie aibu nayo."

Mvule si mti wa kufanyiwa haraka. Nyuzi zake hupishana, na randa ikienda kombo hung'oa vipande badala ya kulainisha. Ami aliiweka randa kando, akavunja kipande cha kioo cha dirisha, akanifundisha kukwangua kwa ukingo wake, kioo kikiinamishwa kidogo kuelekea upande unaokwenda. Ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara zikawa zinajikunja na kuanguka. Vumbi la msasa wake ni kali. Nilipiga chafya siku tatu. Lakini ile rangi ya dhahabu iliyotokea chini ya uchafu wa miaka mingi sijaisahau.

Kila sanduku ndani lilikuwa na kimo cha sentimita 50, upana 28 na kina 25, yaani lita 35, limezibwa pande zote. Hewa iliyofungwa humo huwa kama mto wa kulalia unaoirudisha karatasi ya spika mahali pake. Ndani tulitia sufi ya mto mkuukuu, na mama akaishonea mfuko wa chandarua ili nyuzi zake zisipeperuke zikaingia kwenye sumaku. Kila tuita niliiwekea kapasita ya maikrofaradi 4.7 izuie sauti nzito zisiiunguze. Nikajaribu nyaya kwa betri ya volti 1.5: ukigusisha, karatasi zote mbili ziruke mbele. Moja ikiruka mbele na nyingine ikirudi nyuma, besi hupotea kati yao.

Mgongo tu ndio tuliufanya kama kawaida ya makabati, plaiwudi ya milimita 6 na skrubu chache. Mgongo utaegemea ukuta, nani atautazama?

Kisha ikaja shelaki, ile vanishi ya kung'arishia mbao. Vile vigamba vya kahawia tulivilaza kwenye spiriti usiku kucha, na asubuhi nikaanza kupaka kwa tambara la pamba lililofungwa kama kifundo, mkono ukienda bila kusimama. Ami alitazama mawingu akaniambia ningoje. Sikungoja. Jioni mvua ilishuka ya kuziba macho, na kulipokucha masanduku yangu yalikuwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Spiriti ikiruka hupoza ubao, na unyevu wa hewa ukatua juu yake na kunaswa humo. Niliona nimeiharibu mbao ya watu na nikashindwa kumtazama usoni.

Hakunigombeza. Tulingoja siku nne hadi jua lilipotoka sawasawa, akalowesha tambara kwa spiriti kidogo sana, akalipitisha juu juu. Ukungu ukaondoka mbele ya macho yangu, mvule ukarudi.

Ijumaa baada ya swala ndipo tulipozisikiliza mara ya kwanza. Nilikuwa na kanda ya taarabu iliyonunuliwa Mbwana Radio Service, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa imechezwa mpaka tukaijua kila pumzi. Mwanzo wake ni udi peke yake. Nilibonyeza, na nilipaswa kufurahi. Sauti ya mwimbaji ilikuwa safi, tuita zikaeleza kila herufi. Lakini kila mpigaji alipogusa uzi wake mnene, kulitoka mvumo wa ziada uliobaki nyuma na kuufunika uzi unaofuata. Nilikaza skrubu za mbele. Nikapekua nyaya. Nikaanza kuilaumu spika ya Mwembe Tayari.

Ami aliweka chini kikombe cha kahawa. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akafumba macho, akaanza kulipapasa: mbele, ubavu huu, ubavu ule, juu. Kisha akapeleka mkono nyuma na ukasimama.

"Rudisha ule mwanzo."

Nikarudisha.

"Tia mkono hapa. Wasikia?"

Nilitia. Katikati ya mgongo plaiwudi ilikuwa ikitetema kama ngozi ya ngoma.

"Ubao huu waimba," akasema. "Nani aliyeuambia uimbe?"

Nilikaa chini. Nilikuwa nimezoea kuuhusudu udi, ambao kifua chake hukwanguliwa kikawa chembamba makusudi, kitetemeke na kuipa nyuzi sauti. Nilidhani sanduku la spika nalo ni namna ya udi. Kumbe ni kinyume chake. Udi uko ndani ya kanda tayari, na sauti yake itoke kwenye karatasi ya spika pekee. Ubao ukiitikia unatia mlio ambao mpigaji hakuupiga.

Ami alipachora duara la penseli, tukaufungua mgongo. Akakata plaiwudi ya milimita 18, na ndani akapitisha kipande cha mbambakofi kutoka ubavu hadi ubavu, na kingine kutoka mbele hadi nyuma, kikigusa pale pale penye duara. Aliyaita mataruma, kama yale ya jahazi. "Chombo bila mataruma ni ganda," akasema, gundi ikiwa bado vidoleni. Sanduku la pili tulilifanyia vile vile, ingawa giza lilikuwa linaingia na mama alishatuma mtu mara mbili kutuita chakulani.

Siku ya pili asubuhi, gundi ilipokuwa imeshika, nilirudisha kanda mwanzo. Ami alikuwa ameshapiga magoti, kiganja kikiwa nyuma kabla sijabonyeza. Udi ukaanza. Uzi mnene ukapigwa, ukasikika, ukaisha, na uzi mwingine ukaingia mahali pake peupe. Mara ya kwanza nikasikia kipigio cha mpigaji kikikwaruza uzi kabla ya mlio wenyewe, katika kanda niliyodhani naijua yote.

Alibaki hivyo hadi wimbo wote ukaisha, macho amefumba, kisha akauondoa mkono, akaupangusa kwenye kikoi.

"Sasa kumenyamaza," akasema.