"Umeelewa mama?"

Nimetoka zamu mchana huu na kuna mama mmoja hanitoki kichwani. Juzi nilimkabidhi dawa zake mimi mwenyewe, amoksilini, nikasema kama nnavyosema kila siku, moja kutwa mara tatu, umeelewa mama? Ndiyo mwanangu. Leo kaja kusafishwa kidonda, nikamuuliza tu juujuu dawa anakunywaje, akanihesabia kwa vidole, asubuhi, mchana, alasiri. Na usiku je? Akanitazama. "Si ulisema kutwa? Usiku ni kucha."

Aisee nilikosa la kusema, manake yuko sahihi, kutwa ni kutwa, sisi ndo tumeiandika kwenye bahasha za dawa mpaka hatuisikii tena. Ile dawa inatakiwa kila baada ya masaa 8, yeye zote tatu anazimaliza jua halijazama, alafu usiku kucha hamna kitu mwilini.

Na ile "ndiyo mwanangu" wala hakunidanganya, ni heshima tu, nani atamwambia nesi aliyesimama mlangoni na mafaili mkononi kwamba hajaelewa? Chuoni tulifundishwa kabisa, usimuulize mgonjwa kama ameelewa, mwambie akueleze kwa maneno yake. Kuna makala ya 2003 kwenye jarida la Royal Society of Medicine la Uingereza inasema maelezo tunayowapa wagonjwa asilimia 40 mpaka 80 yanasahaulika hapohapo, na karibu nusu ya yale yanayokumbukwa yanakumbukwa vibaya. Nilijibia mtihani nikafaulu, wodini nikaendelea na umeelewa yangu. Inaniuma.

Basi leo nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia mama samahani, juzi niliongea haraka, hebu nione kama leo nimekueleza vizuri, ukifika nyumbani unakunywa saa ngapi na saa ngapi? (Hapa naona ni muhimu kosa ubebe wewe, ukimgeuzia yeye anajiona yuko kwenye mtihani ananyamaza.) Tukapanga saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Akasema saa 4 mie nshalala, tukakubaliana mjukuu wake amwamshe. Kitu cha dakika mbili, tatu hivi.

Alipokuwa anajifunga kanga akahesabu tena mwenyewe, asubuhi, mchana, akafika kidole cha tatu akakishika kidogo. "Na hiki cha kuamshwa."